Wachinjaji wa Beni: ni watu gani, na kwa nini ni vigumu kuwachunguza?

Kuna ulizo linalorudi kila mara tunapopita kuchukua habari: «Mtu anayekata mwenzake kwa panga, kweli ana akili timamu?»

Ulizo hilo si geni. Katika miaka ya 1970, Ujerumani ilisumbuliwa na kundi lililotega mabomu na kuua watu. Mmoja wa viongozi wake, mwandishi wa habari Ulrike Meinhof, alikufa gerezani mwaka 1976. Madaktari walitoa ubongo wake wakauchunguza, wakitafuta pale chanzo cha ukatili. Familia ilikuja kujua mwaka 2002 tu! Lakini mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, Martha Crenshaw, alikuwa tayari ameandika kwamba wengi wa watu hao si wagonjwa wa akili. Ni watu wa kawaida.

Jibu hilo linauma, najua. Tuangalie basi historia yetu.

ADF haikuzaliwa Beni. Ilianzishwa na Waganda chini ya Jamil Mukulu, na katikati ya miaka ya 1990 wakaungana upande wetu na waasi wa NALU. Mwezi wa 11 mwaka 1996 walishambulia Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi. Mwezi wa 6 mwaka 1998 walichoma wanafunzi katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, huko Uganda. Halafu ikapita miaka mingi ambapo huku Congo walilima, wakafanya biashara ya mbao, na wengine wakaoa hapa hapa. Mwezi wa kwanza mwaka 2014 FARDC ikaanzisha operesheni Sukola 1. Mukulu alikimbia, akakamatwa Tanzania mwaka 2015, na Musa Baluku akachukua uongozi. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji ya raia hayajakoma.

Ndiyo kusema kundi lililouza mbao kwa jirani ndilo lililokuja kuchinja jirani. Hawakupatwa na wazimu wote siku moja. Kilichobadilika ni vita, uongozi, na amri.

Na wanaoingia, wanaingiaje? Wengine waliahidiwa kazi ao masomo ya bure, wakajikuta porini. Wengine, watoto hasa, walitekwa njiani ao shambani. Anayejaribu kutoroka anaweza kuuawa mbele ya wenzake, na wenzake wanajifunza kunyamaza. Mtu akiisha kushika panga mara ya kwanza, anaogopa pia kurudi nyumbani.

Lakini nani anatueleza hayo? Hapo ndipo kazi ya mchunguzi inakuwa ngumu. Aliye bado porini hafikiwi. Aliyetoroka anaulizwa akiwa mikononi mwa askari ao gerezani, na mtu wa namna hiyo anasema maneno ya kumwokoa. Walionusurika waliona usiku, wakasikia luga, wakaona mavazi ya kijeshi. Lakini mavazi hayatoshi kuonyesha aliyeyavaa ni nani. Mwaka 2016 kundi la utafiti juu ya Congo lililo New York lilitoa ripoti ikisema ADF haikuua peke yake Beni: wanamgambo wa hapa na hata maofisa fulani wa jeshi walitajwa. Serikali ilikataa. Tangu 2019, Dola la Kiislamu linajitangaza kuwa ndilo lililofanya mashambulizi fulani, na wako wanaodhani sasa kila kitu kimeelezwa. Mimi sioni hivyo.

Kuna pia hatari ya maisha. Wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai mwezi wa 3 mwaka 2017 wakiwa katika uchunguzi. Waandishi wa vijijini hatuna hata gari la kukimbilia.

Wiki iliyopita mama mmoja mkimbizi alikataa nisiwashe rekodi. Binti yake amerudi kutoka porini na mtoto mgongoni. Majirani hawataki achote maji pamoja nao. Wanamwita mke wa mchinjaji. «Walimuchukua akiwa darasa la tano,» mama akaniambia, «na hakuna aliyemuuliza kama anataka.»