Wazee wa Hai na Historia ya Utafiti wa Dimensia Barani Afrika

Dimensia ni kundi la maradhi ya ubongo yanayompokonya mtu, hatua kwa hatua, kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujifanyia shughuli za kila siku. Yanayoongoza kwa wingi ni ugonjwa wa Alzheimer na dimensia inayotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Utafiti wa maradhi haya umevuka karne moja, lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo wazee wa Afrika hawakuhesabiwa, au walihesabiwa kwa vipimo visivyowafaa.

Chanzo chake ni Ujerumani. Novemba 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa hata kutaja jina la mumewe kwa uhakika. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabaka katikati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mwaka 1910. Kwa kuwa mgonjwa hakuwa mzee, kwa miaka mingi waganga waliamini kuwa ni ugonjwa adimu wa watu wa makamo, na kwamba kusahau kwa wazee ni uzee tu. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1968 mjini Newcastle, Uingereza, pale Blessed, Tomlinson na Roth walipolinganisha ubongo wa wazee waliofariki na hali zao za akili walipokuwa hai. Wazee waliokuwa wamepotewa na akili walikuwa na mabaka yale yale aliyoyaona Alzheimer, tena kwa wingi.

Barani Afrika habari zilikwenda kwa njia nyingine kabisa. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika mengi kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu. Maandishi yake yalijaa dhana za kibaguzi, ikiwemo ile ya kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ushahidi wake ulitokana zaidi na watu waliofikishwa hospitalini, na hapo ndipo kasoro ilipojificha. Mzee aliyesahau njia ya kurudi nyumbani hakupelekwa Mathari. Alibaki kwa wanawe, akalishwa, akaogeshwa, akazikwa, na daftari la hospitali halikumjua. Kuipima afya ya wazee kwa kuhesabu vitanda vya hospitali ni kuwaacha nje walio wengi.

Aliyelivalia njuga suala hili kwa dhati ni Benjamin Oluwakayode Osuntokun, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria. Yeye na wenzake walikuwa wameandika kwamba ugonjwa wa Alzheimer haukuonekana kwa Wanigeria waliowachunguza. Badala ya kuridhika na hilo, aliungana na Hugh Hendrie wa Indianapolis, Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Upande mmoja walikuwa Wayoruba wa mtaa wa Idikan, Ibadan. Upande wa pili Wamarekani weusi wa Indianapolis.

Kazi hiyo ilihitaji kipimo kipya. Kipimo kilichoenea duniani, kilichotungwa na Folstein na wenzake mwaka 1975, kilimtaka mzee aandike sentensi, anakili mchoro na kutoa saba kutoka mia moja mfululizo. Asiyekwenda shule huanguka hata kama akili yake ni timamu. Kipimo kilichotumika Ibadan kilikuwa na asili ya kazi iliyofanywa miongoni mwa Wakree, wenyeji asilia wa Manitoba, Kanada. Mbali na kumwuliza mzee mwenyewe, kiliwauliza pia watu wa nyumbani mwake: je, amebadilika? Bado anazimudu kazi alizozizoea? Ni hatua yenye busara kubwa, kwa sababu jamaa wa karibu ndio wanaomjua mzee alivyokuwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba dimensia ilikuwepo Ibadan, lakini kwa kiwango kidogo: asilimia 2.29 ya watu wenye miaka 65 na zaidi, dhidi ya asilimia 8.24 Indianapolis. Osuntokun alifariki mwaka huohuo. Wenzake waliendelea kuwafuatilia watu hao, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba wagonjwa wapya kila mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na 3.24 Indianapolis. Hivyo tofauti haikuweza kuelezwa tu kwa wagonjwa wa Ibadan kufariki mapema. Shinikizo la damu, kisukari na chakula vilitajwa miongoni mwa sababu za kuchunguzwa.

Kwa Tanzania, mlango ulifunguliwa na kazi iliyokuwa na lengo jingine. Mwaka 1992 ulianzishwa mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Morogoro na wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kaya zilihesabiwa mara kwa mara na kila kifo kikafuatiliwa sababu yake. Daftari la aina hiyo ni hazina: mtafiti anajua kila mzee anaishi wapi, awe amewahi kukanyaga hospitali au la. Kundi la Richard Walker, kutoka kaskazini mashariki mwa Uingereza, likishirikiana na Watanzania wa Hai na Moshi, lililitumia kuchunguza kiharusi, ugonjwa wa Parkinson na hatimaye dimensia.

Uchunguzi wa dimensia ulifanyika katika vijiji sita na kuwahusisha watu 1198 wenye miaka 70 na zaidi. Ripoti ya mwaka 2013 ilitoa kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha umri, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Aina ya Alzheimer ilikaribia nusu ya wagonjwa, na ile ya mishipa ya damu ilifuata kwa karibu. Hilo la pili lilieleweka vizuri pale ilipobainika kwamba karibu wazee 70 katika kila 100 wa Hai walikuwa na shinikizo la damu.

Watafiti hao waliunda pia kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye alama 15, ambacho muuguzi au mhudumu wa afya anaweza kukitumia kijijini bila karatasi ya mzee kuandikia. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni nini. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka orodha ya maneno kumi. Na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliooneshwa. Zoezi la njiti lilibuniwa Ibadan, likachukua nafasi ya mchoro wa kalamu. Mama aliyelima kahawa na migomba maisha yake yote bila kushika kalamu anapimwa hapo kwa haki, na haki hiyo ilichelewa mno.

Mwaka 2014 Declare Mushi na wenzake walichapisha mazungumzo yao na wagonjwa, walezi na wanajamii wa Hai. Wengi waliiona hali hiyo kuwa sehemu ya kuzeeka, wala si jambo la kumpelekea daktari. Kutoelewa huku kuna uzito. Katika nchi ambayo bibi vizee wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mzee anayetangatanga usiku au kuongea peke yake yuko hatarini akikosa mtu wa kumtetea kwa maelezo ya kitabibu.

Tiba nayo ilitafutiwa njia inayowezekana. Dawa za dimensia zilizopo hazimponyi mgonjwa, na ni nadra kuzikuta katika zahanati za vijijini. Mwaka 2003 Aimée Spector na wenzake jijini London walikuwa wameonyesha kwamba vikao 14 vya kundi, vyenye mazungumzo, michezo na mazoezi ya kumbukumbu, vinawafaa wagonjwa. Vikao hivyo vilirekebishwa kwa ajili ya Nigeria na Tanzania: kusoma na kuandika kukapunguzwa, mifano ikawa ya vitu wanavyovijua wazee. Huko Hai wagonjwa 34 walishiriki, wakikutana mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Ripoti ya mwaka 2017 ilisema kwamba uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka uliimarika na wasiwasi ukapungua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2003, miaka kumi kabla ya takwimu za Hai kuchapishwa. Kenya iliingia mwaka 2018 katika mradi wa STRiDE, pamoja na Afrika Kusini, India, Brazili, Meksiko, Indonesia na Jamaika, kutafiti gharama na mipango ya kuwatunza wagonjwa. Hata hivyo, kazi yenyewe ya kumlisha, kumwogesha na kumlinda mgonjwa asipotee inabaki nyumbani, mikononi mwa wake, mabinti na wakaza wana, ambao hawapati malipo wala mapumziko.