Niko Kadi! Lugha ya Meza Lazima Ujue Kabla Ugawiwe

Uko Kachibora, mvua imesimamisha kazi, na wasee wa boda wametoa kadi. Kabla ukae, shika haya maneno. Yatakusaidia hata Kitale na Bungoma.

Kugawa: Kila mtu anapata kadi 3 ama 4. Unarusha inayofanana na ya juu kwa namba ama kwa aina, kama maua ama kopa. Huna? Okota moja.

2 na 3: Hizi ni za kulisha. Anayefuata anakula 2 ama 3. Joka inalisha 5.

8 na Q: Swali. Ukiuliza, unajijibu papo hapo na kadi ya aina hiyo. Huna jibu, okota.

J: Inaruka mtu.

K: Inarudisha mchezo nyuma.

A: Inazuia kulishwa. Kama hulishwi, unaitisha aina unayotaka.

Niko kadi: Sema hivi mapema, zamu moja kabla ya kumaliza. Ukinyamaza, hushindi, hata kama mkono wako ni safi. Na humalizi na kadi za kazi. Maliza na 4, 5, 6, 7, 9 ama 10.

Sasa noma iko hapa: sheria hubadilika meza kwa meza. Kwingine unajibu 2 na 2, kwingine unakula tu. Kukiwa na soda ama mia mezani, hapo ndio mabeshte hukosana. Uliza kabla kadi zigawiwe. Ukiuliza ukishalishwa, wataona unalia tu.