Bildi na Geji

Mwanadamu huyajua kwa macho yaliyo mbele yake. Yaliyofichika hana budi kuyaulizia kwa chombo. Sehemu ya historia ya Kisiwa cha Mombasa yaweza kusomwa katika vyombo hivyo vya kuulizia.

Manahodha waliokuja na majahazi katika Bandari ya Kale, karibu na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, walikuwa na bildi: kipande cha risasi kilichofungwa kambani. Waliitupa baharini, wakahesabu pima za maji yaliyokuwa chini ya mkuku. Uso wa bahari ni sawa kila mahali, bali mwamba haujitangazi.

Karne ya 20 ilileta siri nyingine, nayo ni petroli. Hapo mwanzo iliuzwa katika madebe ya galoni 4, na kila mtu aliweza kuhesabu madebe yake. Ilipomiminwa tangini hesabu ilipotea. Dereva wa Ford Model T, gari lililoanza kuundwa mwaka 1908, alitumbukiza kijiti tangini, akakitoa na kutazama umajimaji ulipofika. Kijiti kile kilikuwa ndugu wa bildi.

Pikipiki ilirithi siri hiyo hiyo. Nyingi ziliundwa bila geji, zikapewa bilula yenye njia mbili: ya kawaida na ya akiba. Injini ikianza kukohoa, mwendeshaji hugeuza bilula akapata mafuta machache ya kumfikisha. Lakini aliyesahau kuirudisha bilula mahali pake baada ya kujaza tangi hapati onyo lolote safari ya pili.

Jambo hili lilikuwa dogo pikipiki zilipokuwa chache. Bodaboda zilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, nazo zikaenea nchini, Mombasa ikiwamo. Mtu alaye kwa jasho la usukani, akiishiwa mafuta juu ya Daraja la Nyali, lile la mwaka 1980, hupoteza abiria na nauli, na magari yaendayo kasi humpita ubavuni.

Ndiyo sababu wengine huwaendea mafundi wawatilie geji. Kwanza tangi hufunguliwa, likamwagwa mafuta na kusafishwa vizuri mbali na moto, kwa maana mvuke wa petroli hulipuka hata tangi likiwa tupu. Kisha boya lenye mkono hutiwa ndani, na waya huliunganisha na geji. Mafuta yakipungua boya hushuka, ukinzani wa umeme hubadilika, na mshale hufuata. Lakini boya na geji visipolingana kwa ukinzani, mshale waweza kuonyesha tangi limejaa hali limekauka. Hapo geji ni mbaya kuliko kukosa geji, kwani asiye nayo huwa na hadhari.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hatosheki kuona mshale ukicheza. Hutia petroli lita moja moja, akaangalia mshale unasimama wapi kila mara. Nahodha naye aliitia kamba yake alama za pima kabla ya kutweka tanga. Chombo cha kupimia hakina budi nacho kupimwa, kisha ndipo kiaminiwe.