Kushuka nyika: wazee wetu walijua nini? (Sehemu ya 3)

Mama zangu, leo historia kidogo.

Zamani Wasambaa, kuanzia huku Gare, Vugha mpaka Mlalo, waliishi juu milimani, na nyika ya chini waliiogopa. Aliyeshuka alirudi na homa. Homa hiyo waliiita mbu, jina lile lile la mdudu. Daktari Mjerumani, Robert Koch, aliliandika jambo hilo mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya Ronald Ross kukiona kimelea cha malaria ndani ya mbu kule India. Wazee hawakuwa na darubini, ila walishajua.

Kilichotulinda ni baridi: kimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu. Lakini ndiyo maana mtoto wa huku juu hana kinga kama mwenzake wa nyika.

Sasa tunashuka wenyewe. Shamba la babu limegawanywa mpaka limekuwa vipande, mvua za vuli haziaminiki, basi familia inahamia Mombo au Mkomazi kulima mpunga. Na joto likizidi, mbu naye anapanda mlima.

Sikwambii usihame, watoto lazima wale. Ila mkifunga mizigo, chandarua kitangulie sufuria. Mjamzito, wahi kliniki upate chandarua, na muda ukifika, vidonge vya SP. Mtoto akichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Panadol inashusha joto tu, malaria inabaki.

Mtumie na dada yako aliyeko bondeni.