Bastola Ikikwama, Tazama Mkono Kwanza

Mtu akikwambia bastola yake ina tabia ya kukwama, usianze kumuuliza ni ya kampuni gani. Muulize anaishikaje. Nimelifuatilia suala hili tangu jirani yangu hapa Kabiria, mfanyabiashara mwenye leseni halali, alipoanza kutafuta fundi wa kuipiga tupa bastola yake kwa sababu kila akienda uwanja wa shabaha inaganda mara mbili tatu. Anaamini kauziwa mbovu. Lakini mwalimu wa shabaha aliichukua bastola ile ile, na risasi zile zile, akamaliza magazini nzima bila kukwama hata mara moja.

Sababu iko katika namna bastola hizi zinavyofanya kazi. Bastola ya nusu-otomatiki, yaani ile inayojipakia risasi yenyewe, haina mota wala betri. Inatumia teke la risasi iliyotangulia. Risasi ikilipuka, kichwa chake kinakwenda mbele na kile kipande cha juu, ambacho mafundi wanakiita slaidi, kinarudi nyuma. Katika safari hiyo kijikulabu kidogo kinavuta ganda tupu kutoka chemba na ganda linatupwa nje. Springi iliyobanwa inaisukuma slaidi mbele tena, nayo inazoa risasi mpya kutoka magazini na kuiingiza chemba. Yote hayo yanapita chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa angalia: slaidi inarudi nyuma ikilinganishwa na nini? Na mwili wa bastola, ulio mkononi mwako. Wenzangu wa pwani wataelewa upesi nikitaja mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi inakuna kwa sababu kuna mtu ameikalia. Ukiinuka kidogo huku unaendelea kukuna, mbuzi itafuata mkono wako na nazi itabaki kwenye kifuu. Bastola nayo, kifundo cha mkono kikilegea, mwili wake unarudi nyuma na kupanda juu pamoja na slaidi. Nguvu iliyokusudiwa kubana springi inaishia kuuzungusha mkono wako, na slaidi haifiki mwisho wa safari yake.

Ganda likichelewa kutoka, slaidi inalibana mlangoni, nalo linasimama wima kama bomba la moshi. Pengine ganda linatoka salama, lakini slaidi haikurudi nyuma ya kutosha kuizoa risasi inayofuata, ikajifunga juu ya chemba tupu. Hii ya pili naiogopa zaidi, kwa sababu kwa macho bastola inaonekana nzima. Unavuta kifyatulio, unasikia mlio mdogo tu.

Uzito wa bastola una hesabu yake hapa. Ceska CZ 75, ya ukoo ule ambao Wakenya wamezoea kuusikia katika taarifa za polisi, ilitoka Chekoslovakia mwaka 1975 ikiwa ya chuma kitupu, karibu kilo 1. Mwili mzito hausukumwi ovyo, kwa hiyo unavumilia mkono mlegevu. Glock 17 ya Austria, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina mwili wa plastiki ngumu na ni kama gramu 630 ikiwa tupu. Ni bastola ya kuaminika sana, lakini wepesi ule unataka mkono ufanye kazi ambayo chuma kingeifanya. Vile vibastola vidogo vya kuficha kiunoni ndivyo vyenye kinyongo zaidi: vyepesi, springi ngumu, na mpini ambao kidole cha mwisho hakipati pa kukaa. Bastola ya silinda haina taabu hii, maana silinda inazungushwa na kidole chako na wala haitegemei teke la risasi.

Mshiko wenyewe basi. Panda juu kabisa ya mpini, ile nyama iliyo kati ya gumba na shahada ikae chini ya mkia wa bastola pasipo nafasi. Mtutu na mfupa wa mkono viwe mstari mmoja. Mkono wa pili ujaze sehemu ya mpini iliyobaki wazi na vidole vyake vizunguke vya kwanza. Kifundo kikazwe. Si kukaza hadi mikono itetemeke. Kaza kama unayempa mkono mtu unayemheshimu.

Gumba nalo lina fitina zake. Likiegemea slaidi, linaipunguzia kasi. Likikandamiza kile kitufe cha kuizuia slaidi, bastola ikiisha risasi haitabaki wazi kukujulisha. Likivuka nyuma ya slaidi, utachanika. Na kwenye Colt ya 1911 kuna kizuizi nyuma ya mpini ambacho kiganja kisipokibana vizuri, bastola haifyatui kabisa. Wale wanaoishika kwa ubavu kama kwenye sinema sina la kuwaambia.

Yote haya yana uzito katika mji huu. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate iliposhambuliwa kule Westlands na watu 67 wakauawa, raia wenye leseni waliingia ndani na bastola zao kuokoa watu, miongoni mwao Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa. Pale hapana nafasi ya kuuliza kwa nini imeganda. Serikali mwishoni mwa 2018 iliamuru wenye leseni wote wachunguzwe upya, na ni sawa. Lakini kuchunguzwa tabia hakukazi kifundo cha mkono, na wengi ninaowajua wanaibeba bastola kiunoni mwaka mzima bila kufyatua hata moja.

Kushika silaha kuna adabu yake pia katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliagiza anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi mtu. Nalikumbuka hilo kila nikiona mtu bastola imemkwamia uwanjani, akageuka nayo kumuonyesha mwenzake, kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio. Bastola iliyokwama huenda ina risasi chemba. Mdomo ubaki kwenye shabaha, kidole kitoke, magazini itolewe, ndipo slaidi ivutwe.

Kabla ya kulipa fundi, mpe mwalimu apige magazini nzima. Ikipita, tatizo ni mkono. Ikikwama kwake pia, isafishe na uitie mafuta, badilisha risasi, kisha magazini; zitie namba kwa kalamu ujue ipi ina ila. Hapo ikikataa, ipeleke kwa muuza silaha aliyesajiliwa, maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu kila mwenye tupa kufanya biashara ya kutengeneza bunduki, na chuma kikishaliwa na tupa hakirudi.