Mashine Mpya, Watu Walewale

Mwaka 1882 Thomas Edison aliwasha kituo cha umeme cha Pearl Street, New York. Ungetarajia viwanda viukimbilie umeme, lakini kufikia 1900 mota za umeme zilitoa chini ya asilimia 5 ya nguvu iliyoendesha mashine za viwanda vya Marekani.

Mota zenyewe hazikuwa na ubovu. Kiwanda cha mvuke kilijengwa kwa kutegemea injini moja kubwa: shafti ndefu darini, mikanda ikishuka hadi kwenye kila mashine, ghorofa juu ya ghorofa. Wenye viwanda wengi waliing'oa injini wakaweka mota kubwa palepale, na mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa. Faida ikawa kiduchu. Mwanahistoria wa uchumi Paul David alieleza mwaka 1990 kwamba tija ilipanda baada ya kila mashine kupewa mota yake na kupangwa upya kwa kufuata mtiririko wa kazi. Hayo yalienea miaka ya 1920, takriban miaka 40 baada ya Edison.

Henry Ford alijua kupanga mashine. Laini yake ya kuunganisha magari huko Highland Park, iliyoanza 1913, ilipunguza muda wa kuunganisha chasisi kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Lakini watu waliichukia kazi hiyo. Mwaka huo aliajiri zaidi ya watu 50,000 ili abaki na wapatao 14,000. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, na watu wakatulia. Alinunua mikono yao. Maarifa yao hakuyaomba, na kwa maoni yangu kosa hilo liliisumbua sekta ya magari ya Marekani kwa miongo mingi.

Japani ilishika njia nyingine. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Taiichi Ohno wa Toyota aliwapa wafanyakazi uwezo huohuo: anayeona kasoro ana ruhusa ya kusimamisha laini.

Ushahidi mzito zaidi wa nguvu ya njia hiyo uko Fremont, California. General Motors (GM) ilikifunga kiwanda chake cha huko mwaka 1982, kikiwa kimechoshwa na migogoro na utoro uliofikia asilimia 20. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Sehemu kubwa ya walioajiriwa, takriban asilimia 85, walitoka kiwanda kilekile cha zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kilekile. Baadhi walipelekwa kiwanda cha Takaoka, Japani, kujifunza kazi bega kwa bega na wenzao. Waliporudi, wafanyakazi wote waligawanywa katika timu ndogo zenye viongozi waliozijua kazi zote. Mtu akizidiwa alivuta kamba iliyoning'inia juu yake. Taa iliwaka, muziki ukalia, kiongozi akaja mbio kusaidia. Wasipolimaliza tatizo kwa wakati, laini ilisimama.

Utoro ulishuka hadi asilimia chache. Mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyepunguzwa kazini. Waliokosa kazi ya laini walipewa mafunzo. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT walikuta NUMMI ikiunganisha gari kwa saa 19, huku kiwanda cha GM cha Framingham kikitumia saa 31. Wakati huohuo GM ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola kwenye roboti katika viwanda vyake vingine, na bado sehemu yake ya soko iliendelea kushuka.

NUMMI ilifungwa 2010, jengo likachukuliwa na kampuni ya magari ya Tesla. Humohumo kampuni hiyo ilijaribu kuunda gari la Model 3 kwa mitambo mingi kupita kiasi, ikakwama. Aprili 2018 mkuu wake, Elon Musk, alikiri hadharani kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba thamani ya binadamu inapuuzwa. Mtandao tata wa mikanda ya kusafirishia vipuri ukaondolewa.