Askari wa Emin Pasha na Majeshi Madogo ya Mezani



Leo tunazungumzia mchezo ambao huku Manibe hauuzwi dukani, lakini unatuhusu kuliko tunavyodhani. Ni mchezo wa majeshi madogo. Mtu hununua visanamu vya askari, vya madini au plastiki, vyenye urefu wa milimita 28 hivi. Huvikata na kuvibadilisha apendavyo, huvipaka rangi kimoja kimoja kwa brashi nyembamba, kisha huvipanga mezani na kupigana na mwenziwe kwa dadu na futi.

Uingereza mchezo huu ni wa zamani. Kiwanda cha William Britain kilianza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893, na mwaka 1913 mwandishi H.G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuwachezea, Little Wars. Kampuni ya Games Workshop ilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 1983 ukatoka mchezo wa Warhammer, ambao majeshi yake ni ya kubuni: mazimwi, majitu, mifupa inayotembea. Vijana wengi duniani waliujua mchezo huu kwa njia hiyo.

Baadhi ya mafundi waliochonga mazimwi hayo walichonga pia watu wa historia. Mark Copplestone aliichongea kampuni ya Wargames Foundry seti kubwa iitwayo Darkest Africa, yaani Afrika ya giza totoro. Ndani yake wamo Wazanzibari wenye bunduki, ruga-ruga, Wazande, na askari weusi wa misafara ya wazungu. Ndugu wawili mapacha, Michael na Alan Perry, walichonga majeshi ya vita vya Sudan vya miaka ya 1880, Ansar wa Mahdi wakiwamo. Kwa hiyo babu zetu wamo katika mabakuli ya rangi ya watu wasiowajua, jirani na mazimwi. Jina la seti lenyewe linaonyesha wamewekwa upande gani.

Mzazi atauliza kwanza habari ya sanamu. Wanavyuoni wamelijadili jambo hili kwa urefu, na sisi hatutoi fatwa. Muulizeni shekhe wenu. Tunakumbusha tu kwamba katika Sunan Abi Dawud imo habari ya Bibi Aisha (r.a.) na vitu vyake vya kuchezea. Kati yake alikuwamo farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume (s.a.w.) alimwuliza juu ya mabawa hayo, naye akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mabawa. Mtume akacheka.

Sasa turudi kwa askari.

Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, alifanywa gavana wa Ikweta mwaka 1878 chini ya serikali ya Misri. Mji wake ulikuwa Lado, na mwaka 1885 alihamia Wadelai, kando ya Nile, katika West Nile yetu hii. Askari wake wengi hawakutoka Misri. Walikuwa Wamakaraka, Wabari, Wadinka na watu wa makabila ya jirani, wengine wakiwa wametekwa utumwani kabla ya kupewa bunduki. Jeshini wengi wao walisilimu na wakazungumza Kiarabu chao, ambacho ndicho kilichozaa Kinubi kinachosemwa leo Arua, Koboko na Bombo.

Mchoraji wa visanamu kwa kawaida huwapaka sare nyeupe safi ya Misri na tarbushi nyekundu. Hapo ndipo anapokosea. Meli ya mwisho kutoka Khartoum iliondoka Lado mwaka 1883, na Wamahdi wakafunga njia. Kwa miaka mitano hapakuja nguo wala risasi. Askari walilima pamba, wakafuma kitambaa kizito ambacho Wasudani hukiita damuri, wakajitengenezea viatu na sabuni. Askari wa Wadelai wa mwaka 1887 alivaa nguo iliyofumwa hapo hapo, na bunduki yake ya Remington alikuwa akiihesabia risasi.

Mwezi wa Agosti 1888 askari hao waliasi. Waliambiwa Misri inawataka waondoke, wakaona ni hila ya kuwauza kwa Waingereza, wakamfunga gavana wao Dufile. Lakini Wamahdi walipoishambulia ngome hiyo mwezi wa Novemba, waasi hao hao waliilinda na kuwarudisha nyuma. Waislamu walikuwa pande zote mbili, na mara nyingine watu wa kabila moja. Mezani utawatofautisha kwa nguo, kwa sababu Ansar walivaa jibba lenye viraka vya rangi.

Kwa kijana mwenye kisanamu cha askari wa Misri, kazi si kubwa. Akate kola na mikunjo ya koti kwa kisu kikali, ajaze gundi ya kukandwa ya aina mbili zinazochanganywa, na kabla haijakauka achore kwa sindano mistari ya kitambaa kizito. Apake kwanza rangi nyeusi kote, kisha rangi ya mchanga, kisha rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa maji mengi ili ikae kwenye mikunjo. Mwisho apitishe brashi karibu kavu yenye rangi ya pamba juu ya sehemu zilizoinuka. Uso usipakwe weusi mtupu kama makaa, jambo tunaloliona mara nyingi na linatuudhi. Ngozi ya mtu wa huku ina wekundu na udhurungi ndani yake. Tahadhari moja kwa wazazi: visanamu vya zamani ni vya risasi, na risasi ni sumu. Mtoto asivitie mdomoni wala asivute vumbi lake.

Kuna upungufu mmoja ambao kisu hakiwezi kuutengeneza. Mwaka 1891 Lugard alipowachukua askari waliobaki chini ya Selim Bey huko Kavalli, alitoka na watu zaidi ya 8,000. Wenye bunduki walikuwa mamia tu. Waliobaki ni wake, watoto, wazee, watumishi, na wengi wao, tuseme ukweli, walikuwa mateka wa vita vya askari hao hao. Msafara huo ndio uliozaa Wanubi wa Uganda, na visanduku vya madukani karibu vyote ni wanaume wenye silaha. Anayetaka kuupanga mezani kama ulivyokuwa, kwa kila askari mmoja itambidi awe na zaidi ya watu kumi wasio na bunduki: mama mwenye mtoto mgongoni, msichana mwenye chungu kichwani, mzee mwenye fimbo. Watoto wetu tayari hufinyanga ng'ombe kwa udongo, na udongo huo huo utatosha.